Mtoto wa ndani ya kompyuta anatufundisha nini juu ya ulezi?

Mtoto anayeanza kutambaa anaenda kidogo, kisha anageuka kuangalia kama mama angali pale. Akimwona, anaendelea na mchezo. Asipomwona, analia. Kwa watafiti, hapo mtoto yuko anajifunza jambo kubwa: mlezi wangu ni mtu wa kutegemea ao hapana?

Mwaka 1954, Mary Ainsworth alifika Uganda, kwa jirani zetu. Alitembelea jamaa 26 karibu na Kampala, kila juma mbili, masaa kama mawili kila mara. Aliona kwamba watoto ambao mama zao walijua vizuri ishara zao walichunguza vitu bila woga mwingi. Wengine walilialia hata mama akiwa karibu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967.

Lakini huwezi kumtesa mtoto kwa makusudi ili uone atakuwa namna gani. Ndiyo maana kompyuta inasaidia. Huko Uingereza, Dean Petters wa Chuo Kikuu cha Birmingham alitengeneza programu yenye «mtoto» na «mlezi» wa kuigiza. Mtoto huyo anataka mambo mawili: kuchunguza na kuwa salama. Akiita na kujibiwa haraka, siku nyingine anakubali kwenda mbali zaidi. Akicheleweshwa, anabaki karibu na anaita mara kwa mara.

Matokeo? Watoto walioanza karibu sawa waliachana pole pole, wakawa makundi mawili: wenye kutulia na wenye mashaka. Tofauti ndogo ya mwanzo ilizidi kukua, juu kila jibu la mlezi lilibadilisha namna mtoto atakavyoita kesho.

Kwa kweli, programu si mtoto: hainyonyi, haiguswi na homa. Inapima tu kama mawazo yetu juu ya ulezi yanasimama.

Hapa Manguredjipa, vita imekimbiza jamaa nyingi, na watoto wengi wanabaki na nyanya ao dada mkubwa wakati mama anatafuta chakula. Hilo peke yake si kosa: mtoto anaweza kutegemea zaidi ya mtu mmoja. Mama, kabla ya kwenda shambani, mwonyeshe anayebaki naye: hivi ndivyo analia akisikia njaa, hivi akitaka usingizi, hivi akiogopa. Na akiita, ajibiwe.