Beseni la Maji, Kutoka Emali Hadi Bavaria

"Mjomba, leo nimemwogesha mtu mzima."

Mpwa wangu alikuwa Bavaria, Ujerumani. Mimi kwetu Emali, njiapanda yanakopita malori ya nyanya na vitunguu kutoka Loitokitok. Sauti yake ilitetemeka. Hospitali zetu zimetuzoesha jamaa ndio wamwogeshe na kumlisha mgonjwa, maana muuguzi ana wodi nzima, sindano na dripu. Ujerumani kazi hiyo ni ya muuguzi mwenyewe, na mwanafunzi huanzia hapo.

Mafunzo hayo ya uuguzi, Ausbildung kama vijana wanavyoyaita, huchukua miaka 3. Kwa sheria iliyoanza kutumika 2020, ni saa 2,100 darasani na 2,500 za vitendo: hospitalini, katika nyumba za wazee na majumbani kwa wagonjwa. Mwanafunzi hulipwa kila mwezi. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa ajira Septemba 2024, kijana akisema anasoma Kijerumani hakuna anayemuuliza cha nini.

Cheti cha lugha mpwa wangu alikuwa nacho. Lakini wazee wa Bavaria husema lahaja yao, tena wengine bila meno. Mama mzee mmoja alimwambia mara tatu kwamba anaumia kabla hajamwelewa. Siku hiyo mpwa wangu alilia chooni. Nami nina uchungu na mawakala wanaopokea pesa za mashamba yaliyouzwa, kisha wanampeleka mtoto wodini bila kumfundisha namna mgonjwa anavyolalamika.

Kilichomshinda zaidi ni maji. Unajaza beseni, unamuuliza mgonjwa kama joto linamfaa, unamfunika taulo na kuacha wazi mkono unaouosha tu. Maji yakipoa, unamwaga na kujaza mengine. Mtoto aliyekua akifuata punda wa mitungi ya lita 20 alisimama kwenye sinki, beseni mikononi, asiweze kuliinamisha. Msimamizi akamuuliza kama anaumwa. Hakupata neno la kumjibu.

Siku hizi anamwaga. Yule mama mzee alimuuliza kwao nyanya wanamwitaje. "Susu," akamjibu, kwa Kikamba chetu. Kesho yake, beseni lilipowekwa kando ya kitanda, mama mzee alifumbua macho akauliza kama susu wa Emali ameamkaje.