Kutambua Injini ya Ndege kwa Maandishi na kwa Umbo: Mambo ya Newala, 1917

Apewapo mtu injini kuukuu ya ndege aitambue, kwanza hutafuta maandishi. Huigeuza, huipangusa mafuta, husoma herufi zilizosubiwa ubavuni, kisha hudhani kazi imekwisha. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba maandishi ni shahidi mmoja tu, tena shahidi awezaye kupotosha bila kukusudia. Na kwamba umbo la chombo chenyewe halina budi kuulizwa kabla ya kukata shauri. Mfano mkubwa nitauchukua nchi ya Masasi na Newala, katika mwaka 1917. Lakini kwanza tutazame mfano mdogo, maana kosa lake huonekana kwa urahisi zaidi.

Katika Urusi ya siku za Wasovieti zilitengenezwa injini ndogo za kurushia vindege vya mfano, nyingine za kufumbatwa kiganjani. Mojawapo ina alama ambayo msomaji wa herufi za Kilatini huisoma MK-12B. Macho yake hayakukosa. Kilichokosa ni kusoma. Herufi ile ya mwisho, katika alfabeti ya Kirusi, ni V, na jina la injini ni MK-12V. Nyingine huitwa Ritm. R yake ina sura ya P yetu, na I yake ina sura ya N iliyogeuzwa, hata mgeni huandika jina lisilopatikana katika orodha yoyote, akatangaza kwamba amepata kitu adimu.

Mwenye hadhari hutazama kichwa cha silinda. Akiona parafujo ya kuzungusha juu yake, wala hapana plagi, hujua kwamba ni injini iwakayo kwa mgandamizo, inywayo etha, mafuta ya taa na mafuta ya mbarika. Akiona plagi, hujua kwamba ni jamaa nyingine. Kisha hupima kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni, apate ujazo. Ujazo wa MK-12V ni kama sentimita za ujazo 2.5, kipimo kikiwa mbali na hapo, alama isingaliaminiwa hata kama ingesomwa sawasawa.

Sasa twende kusini mwa Tanzania. Baada ya vita vya Mahiwa, Oktoba 1917, jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck lilirudi nyuma mpaka uwanda wa juu wa Makonde. Wenyeji wa huko wajua taabu ya uwanda ule: ardhi hunywa mvua, na mtu hutelemka mabondeni kutafuta maji. Jeshi halikuweza kukaa. Huko Nambindinga wagonjwa na majeruhi wengi waliachwa, na tarehe 25 Novemba waliosalia walivuka mto Ruvuma karibu na Ngomano.

Siku nne kabla ya kuvuka huko, tarehe 21 Novemba, merikebu ya angani ya Wajerumani iitwayo L 59 ilikuwa imeondoka Jamboli, katika Bulgaria, chini ya Kapteni Ludwig Bockholt, ikachukua kama tani 15 za risasi, dawa na vifaa vingine kwa ajili ya jeshi hilo. Haikukusudiwa kurudi. Kitambaa chake kingeshonwa, na injini zake zingetumika kuendeshea mitambo ya umeme. Lakini tarehe 23, ilipokwisha kupita usawa wa Khartoum, ilipokea kwa simu ya upepo amri ya kurejea. Ilifika Jamboli tarehe 25, baada ya saa 95 na mwendo wa kilomita 6,757. Tarehe 7 Aprili 1918 iliungua angani karibu na mlango wa bahari wa Otranto, na wote waliokuwamo wakafa.

Hapo ndipo penye faida kwa mtafuta vyuma. Chuma chochote cha injini kikiokotwa Newala au Masasi, mtu atashawishika kusema kwamba ni cha merikebu ile, maana hadithi yake ni tamu. Haiwezekani: haikufika hata nusu ya Sudan ya kusini. Miongoni mwa zilizoruka katika vita vya Afrika Mashariki, toka mwanzo wa 1916 mpaka mwanzo wa 1918, ni ndege za Kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza, walimokuwamo watu wengi wa Afrika Kusini. Kikosi hicho kilikuwa na ndege za namna mbili hasa, B.E.2c na Henri Farman.

Umbo la injini hizo halichanganyikani. Ile ya B.E.2c, iitwayo RAF 1a, ina silinda 8 katika safu mbili zilizoachana kama pembe za mbuzi, nazo hupozwa kwa upepo. Kwa hiyo kila silinda imezungukwa na mapezi membamba ya chuma. Ile ya Henri Farman ni Canton-Unné, yenye silinda zilizopangwa kama miale ya jua, lakini hupozwa kwa maji, jambo lisilo la kawaida kwa injini za umbo hilo. Atakayeona mpango wa miale pamoja na njia za maji asiwe na shaka. Zile za L 59 zilikuwa Maybach tano, kila moja yenye nguvu za farasi 240, silinda 6 katika safu moja, nazo za maji. Basi hata kipande cha silinda moja chaweza kutoa ushahidi: chenye mapezi si Maybach, hata kikiwa na maandishi gani.

Vivyo hivyo kwa maandishi ya karatasini. Katika baadhi ya masimulizi ya safari ya L 59, mahali palipotekwa na Waingereza pametajwa kwa jina Revala. Uwanda wa Makonde hauna mahali pa jina hilo. Nadhani ni Newala tu, iliyopotoka mara mbili. Mjerumani huandika W akatamka V; asikiaye akaandika kama alivyosikia. Ama herufi ya kwanza, katika alama za simu N ni kistari na nukta, na R ni nukta, kistari na nukta. Nukta moja ikizidi mbele, Newala huanza kwa R. Wengine husimulia kwamba Waingereza walitunga habari ile ili kudanganya. Mimi siridhiki, kwa sababu ilitaja mambo yaliyokuwa kweli siku zile: sehemu kubwa ya uwanda ilikuwa imekwisha kushikwa, na masimulizi mengine ya amri ile hutaja Kitangari, jina lililo sahihi na mahali palipo mpaka leo.

Bockholt mwenyewe hakuweza kuuliza. Kabla amri haijafika, injini ya mbele ya merikebu yake ilikuwa imevunjika katika sanduku la gia, na ndiyo iliyoendesha mtambo wa umeme wa kupelekea habari. Tangu hapo L 59 iliweza kusikia, wala haikuweza kujibu.