Usimkimbize mbwa mkubwa kabla mifupa yake kukomaa

WAMILIKI wengi wa mbwa wa ulinzi nchini Kenya hufanya kosa moja wakiwa na nia njema. Punde wanapomleta nyumbani kilebu wa aina ya German Shepherd, Rottweiler, Boerboel au Great Dane, huanza kumkimbiza barabarani kila alfajiri na kumfunza kuruka vizuizi, hata kabla hajatimiza miezi 6. Hoja yao ni kwamba samaki hukunjwa angali mbichi.

Methali hiyo inafaa katika kumfunza mbwa utiifu, bali si katika kumkomaza viungo. Kilebu anayelazimishwa kufanya mazoezi mazito mapema anaweza kuchechemea maisha yake yote, na mwenyewe akabaki na mlinzi asiyeweza kumfukuza hata paka.

Kinachowapotosha wengi ni umbo. Great Dane wa miezi 6 anaweza kuwa na uzani wa kilo 40 au zaidi, ilhali mifupa yake ingali ya mtoto. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya miguu huwa kuna tabaka za gegedu, na hapo ndipo mfupa hurefukia. Gegedu hiyo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe. Ikiumia kutokana na kuruka au kuanguka, mguu unaweza kuacha kukua kabla ya wakati au ukapinda.

Katika mbwa wa aina ndogo, tabaka hizo hugeuka kuwa mfupa mgumu kabla ya mwaka mmoja. Mbwa wa aina kubwa huhitaji kati ya miezi 12 na 18, na wale wakubwa kupindukia huweza kuchukua muda mrefu zaidi.

Hatari nyingine imo katika nyonga. Kuna maradhi ambayo kichwa cha mfupa wa paja hulegea katika kikombe chake, kikawa kinasugua gegedu hadi mbwa akapata baridi yabisi. Maradhi haya hurithiwa, na ndiyo maana mnunuzi anashauriwa kuuliza hali ya nyonga za wazazi wa kilebu. Hata hivyo, urithi si hatima. Malezi ya miezi ya kwanza huweza kuupunguza au kuuzidisha ubaya wake.

Utafiti uliofanywa nchini Norway na kuchapishwa mwaka wa 2012 ulifuatilia takriban mbwa 500 wa aina 4 kubwa. Ilibainika kwamba vilebu waliopanda na kushuka ngazi kila siku kabla ya kutimiza miezi 3 walikuwa katika hatari zaidi ya kupata maradhi ya nyonga. Waliozurura bila kufungwa kamba, katika ardhi ya kawaida yenye nyasi na miinuko midogo, hatari yao ilipungua.

Matokeo hayo yanaonyesha kwamba tatizo si mazoezi, bali aina ya mazoezi. Kilebu anayecheza kwa hiari hukimbia kidogo, akasimama kunusa, kisha akalala anapochoka. Aliyefungwa kamba na kuvutwa na mtu anayekimbia hana nafasi ya kupumzika. Atamfuata bwana wake hata anapoumia.

Kwa matembezi ya kamba, wafugaji wengi hutumia kipimo cha dakika 5 kwa kila mwezi wa umri, mara moja au mbili kwa siku. Kilebu wa miezi 4 atatembezwa dakika 20, na wa miezi 6 nusu saa. Hicho ni kipimo cha makadirio tu wala si kanuni ya kisayansi, lakini humzuia mtu kupita kiasi. Kilebu akianza kubaki nyuma au kuketi njiani, matembezi yamekwisha.

Mbio ndefu za lami, kuruka ua, kurukia nyuma ya pikapu na kugeuka ghafla kufuata mpira ni mambo ya kungoja hadi mifupa ikomae. Wanaoishi katika nyumba za ghorofa wambebe kilebu kwenye ngazi akiwa angali mdogo. Sakafu ya vigae nayo huteleza na kuyatanua mapaja yake. Kipande cha zulia au mkeka kitamsaidia kusimama imara. Matembezi yafanywe asubuhi au jioni, kwa kuwa mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema na huzidiwa na joto upesi.

Kabla chanjo za kwanza kukamilika, kilebu achezee ndani ya ua wa nyumbani. Virusi vya pavo huweza kukaa mchangani kwa miezi mingi. Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo hutolewa akifikisha umri wa miezi 3.

Hata hivyo, kumfungia kibandani mchana kutwa na kumfungulia usiku pekee si suluhisho. Misuli ndiyo inayoshikilia viungo, na misuli isiyotumiwa hulegea.

Mazoezi hayawezi kutenganishwa na chakula. Kilebu mnene huibebesha mifupa mzigo usioweza kuhimiliwa. Baadhi ya wafugaji humwongezea unga wa mifupa au tembe za kalisi ili akue haraka. Kwa kilebu anayelishwa chakula kamili cha aina kubwa, nyongeza hiyo hudhuru, kwa sababu mwili wake mchanga hauwezi kuizuia kalisi ya ziada isiingie, na mifupa hukua vibaya. Mbavu zake zinapaswa kuhisika kwa urahisi mtu anapompapasa.

Mwenye mbwa amwone daktari wa mifugo upesi iwapo kilebu anachechemea kwa zaidi ya siku moja, anainuka kwa shida baada ya kulala, au anakimbia akirusha miguu ya nyuma yote pamoja kama sungura. Picha ya eksirei itaonyesha hali ya viungo mapema, wakati matibabu yangali na manufaa.

Mbwa wa ulinzi hutarajiwa kutumika kwa miaka mingi. Kumsubiri mwaka mmoja na nusu akomae si hasara.