Dude Lililotoka Baharini

Bibi mmoja ameniandikia barua, ya kwanza maishani mwake. Ameona dude liitwalo Godzilla katika hadithi za picha za mjukuu wake, naye anauliza: mnyama huyu yuko wapi?

Hayuko, bibi. Alianzia katika sinema ya Kijapani ya mwaka 1954. Ndani ya ngozi ile nzito alikuwamo mtu, Bwana Haruo Nakajima, akitokwa jasho huku akikanyaga nyumba za bandia.

Lakini hofu ilikuwa ya kweli. Tarehe 1 Machi mwaka ule, Wamarekani walijaribu bomu la haidrojeni huko Bikini, katika bahari ya Pasifiki. Wavuvi 23 wa Kijapani, waliokuwa mbali, waliona mwangaza mkubwa. Baada ya saa chache majivu meupe yakawaangukia. Wote wakaugua, mmoja akafa mwezi wa Septemba.

Sinema ikatoka Novemba. Mwanzo wake hauonyeshi dude, bali mabaharia waliopumzika. Ghafula, mwangaza, na meli inawaka moto. Wajapani waliokuwa wakitazama hawakuhitaji kuelezwa.