Kufundisha Somo la Kompyuta: Prosesa na Mfumo Endeshi

Wanafunzi wa shule za msingi huuliza kwa nini kompyuta inayofanya kazi vizuri huambiwa imepitwa na wakati. Katika mazoezi ya kufundisha tumewasikia wanachuo wakijibu kwamba kipya ni bora kuliko cha zamani. Jibu hilo halifundishi kitu. Yafaa kuanza na mfano.

Prosesa ndiyo inayofanya kazi; mfumo endeshi, kama vile Windows, ndio unaoigawa kazi hiyo. Mwalimu na awaite wanafunzi wanane, wanne wakubwa na wanne wadogo, pamoja na ndoo za maji, kubwa na ndogo. Kiranja anayewafahamu wenzake atampa kila mmoja ndoo imfaayo. Kiranja mgeni atagawa ovyo. Maji yatafika, lakini kwa kuchelewa. Mwaka 2021 kampuni ya Intel ilitoa prosesa za kizazi cha 12, nyingi zikiwa na viini vya aina mbili: vya nguvu na vya kubana umeme. Windows 10 iliweza kuziendesha, bali Windows 11 ndiyo iliyotengenezwa kuvigawia kazi ipasavyo.

Kisha mwalimu augeuze mfano: kiranja mpya anawakataa wanafunzi wa zamani. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 hukubali rasmi, kwa jumla, kizazi cha 8 na kuendelea. Kompyuta zilizonunuliwa kabla ya mwaka 2017 zimeachwa nje, ingawa nyingi bado huandika na kuhesabu bila taabu. Nao msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba, 2025.

Je, shule ibadilishe lini? Wanafunzi wajibu maswali matatu:

1. Je, kompyuta yatimiza kazi tunayoihitaji?
2. Je, mfumo wake bado wapata masahihisho ya usalama?
3. Ikiwa haupati, je, prosesa yakubaliwa na mfumo mpya?

Jibu la tatu likiwa ndiyo, ubadilishwe mfumo, si mashine. Likiwa hapana, pana Linux, mfumo upatikanao bure, ambao hukubali prosesa nyingi za zamani. Au mashine itengwe na intaneti, itumike kwa mazoezi ya kuandika. Kompyuta ikishindwa kazi yenyewe, hapo ndipo inunuliwe nyingine.

Tusisahau kwamba fedha za mashine mpya zingeweza kununua madawati na vitabu. Mtoto aliyejifunza kupima haja kabla ya kununua amepata elimu itakayodumu kuliko prosesa yoyote.