Parokia iliyoanza kama chama cha kuchanga shilingi

Wazee wa Murang'a na Kiambu walipowaona vijana wa kwanza wakielekea misheni mwanzoni mwa karne ya 20, waliwabandika jina: "athomi", yaani wasomaji. Machoni pa wazee hao, kubatizwa na kushika kitabu lilikuwa jambo moja. Na hawakukosea, kwani mara nyingi aliyetaka ubatizo alilazimika kwanza kujua herufi.

Kile ambacho wengi wetu hatukufunzwa shuleni ni kwamba zaidi ya miaka 100 kabla ya hapo, ng'ambo ya bahari, kulikuwa na watu weusi waliopitia mlango uo huo. Hao ni waanzilishi wa Kanisa la Kiafrika la Mtakatifu Thomas mjini Philadelphia, Marekani, parokia ya kwanza ya watu weusi katika Kanisa la Episkopali. Kanisa hilo ni la jamii ya Kianglikana, ndugu wa lile ambalo hapa Kenya tulilijua kama CPK hadi 1998 lilipoanza kuitwa ACK.

Kiongozi wao, Absalom Jones, alizaliwa mtumwa katika jimbo la Delaware mwaka wa 1746. Senti chache alizopewa na wageni wa bwana wake hakuzilia peremende. Alinunua kitabu cha alfabeti, kisha cha tahajia, kisha Agano Jipya, akawa anamsihi yeyote ajuaye kusoma amfunze japo neno moja. Akiwa na miaka 16, mama yake na ndugu zake waliuzwa, naye akapelekwa Philadelphia kufanya kazi katika duka la bwana wake. Huko aliomba ruhusa ya kwenda shule ya usiku.

Alioa mwaka wa 1770. Pesa za kwanza alizodunduliza, pamoja na za kukopa, zilikwenda kumkomboa mkewe wala si yeye mwenyewe. Msomaji asidhani ni mapenzi tu. Sheria ilisema mtoto hufuata hali ya mama: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa. Jones alipata uhuru wake mwaka wa 1784.

Mnamo 1787, yeye na mwenzake Richard Allen waliunda chama cha kusaidiana. Mama yeyote wa Kayole au Kangemi angekitambua mara moja. Kila mwanachama alitoa shilingi 1 ya fedha kila mwezi. Baada ya mwaka mmoja, aliyefikwa na dhiki angepewa shilingi 3 na peni 9 kwa wiki, mradi asiwe amejiletea dhiki hiyo mwenyewe. Walevi hawakukubaliwa. Isitoshe, mwanachama akifariki, chama kiliwalipia watoto wake karo iwapo hawangepata nafasi katika shule ya bure. Haya yote yaliandikwa kabla ya kuwepo kanisa, kabla ya kasisi, kabla hata ya kiwanja.

Wakati huo wengi wao waliabudu katika kanisa la Kimethodisti pamoja na wazungu. Jumapili moja, wakiwa wamepiga magoti katika maombi, wasimamizi walimshika Jones na kumvuta ainuke, ati hapo si mahali pake. Jones aliomba waachwe wamalize sala. Sala ilipokwisha, walitoka wote pamoja, hawakurudi tena.

Kisha likaja janga. Mwaka wa 1793 homa ya manjano iliua watu wapatao 5,000 Philadelphia, mji uliokuwa na watu takriban 50,000. Matajiri walikimbilia mashambani. Daktari mashuhuri, Benjamin Rush, aliamini kwamba ngozi nyeusi haipatwi na homa hiyo, akawaomba Jones na Allen wawakusanye watu wao kuuguza wagonjwa na kuzika maiti. Wakakubali. Daktari alikuwa amekosea: weusi nao walikufa kwa mamia. Na shukrani ya punda ni mateke, kwani homa ilipopoa mchapishaji mmoja, Mathew Carey, aliwashutumu baadhi yao kwa wizi na tamaa ya pesa. Jones na Allen walijibu kwa kijitabu mwaka wa 1794, wakaorodhesha mapato na matumizi na kuonyesha kwamba walitumia zaidi ya walichopokea. Naam, mtu aliyejifunza herufi kwa senti za kuokota sasa alikuwa akijibizana na mchapishaji kwa maandishi.

Kanisa lao lilifunguliwa Julai 17, 1794. Waumini waliamua kujiunga na Episkopali, lakini kwa masharti yao: wapokelewe kama kundi zima, waendeshe mambo yao wenyewe, na Jones aongoze ibada, tena akifaa atawazwe. Alifanywa shemasi mwaka wa 1795, na hatimaye kasisi.

Hapa pana uchungu. Dayosisi ilimwondolea Jones sharti la kujua Kigiriki na Kilatini, lakini kwa bei: parokia yake isitume mjumbe yeyote kwenye mkutano mkuu wa dayosisi. Ikabaki mlangoni hadi miaka ya 1860. Binafsi naona hiyo ilikuwa bei ghali mno, ingawa sijui ningefanya nini mahali pake.

Hata hivyo hawakukaa wakisubiri kura. Parokia ilifungua shule, maana shule nyingi za mji ziliwafungia watoto weusi nje. Wanawake walikuwa na chama chao cha kusaidia wahitaji. Mwishoni mwa 1799, Jones na wenzake wapatao 70 walitia sahihi ombi kwa Bunge la Marekani dhidi ya utekaji wa watu weusi na biashara ya watumwa. Wabunge 85 walilikataa. Aliyewaunga mkono alikuwa mmoja tu. Nchi hiyo ilipopiga marufuku uingizaji wa watumwa kutoka nje, Januari 1, 1808, Jones alipanda mimbarini siku iyo hiyo kutoa shukrani.

Alifariki Februari 13, 1818. Leo katekisimu ya Kanisa la Episkopali, katika kitabu cha sala cha 1979, ikitaja watumishi wa kanisa huanza na walei, kisha maaskofu, makasisi na mashemasi. Parokia ya Mtakatifu Thomas ingali hai, katika mtaa wa Overbrook mjini humo. Kila Februari 13 Waepiskopali humkumbuka Jones, na kwa miaka ya hivi karibuni sadaka za siku hiyo zimekuwa zikichangwa kusaidia vyuo viwili vilivyoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi, Saint Augustine's na Voorhees.