Udukuzi na Mahali pa Uhalifu katika Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili

Makala haya yanafafanua tatizo ambalo udukuzi wa kompyuta unaizushia riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Kijadi, fumbo la utanzu huu hujengwa juu ya mahali. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), riwaya ya Muhammed Said Abdulla, maiti huonekana mzimuni, na upelelezi wa Bwana Msa una pa kuanzia. Katika Simu ya Kifo (1965) ya Faraji Katalambulla, jina lenyewe la kitabu linaiweka simu kati ya mhalifu na mhasiriwa.

Udukuzi huenda mbali zaidi. Tuchukulie kwamba akiba ya simu ya mkazi wa Muheza imehamishwa usiku na mtu aliyeko ng'ambo. Hakuna dirisha lililovunjwa wala unyayo uliobaki. Mpelelezi aanzie wapi?

Lugha yenyewe inadokeza jibu. Kitenzi dukua kinakaribiana na dukiza, yaani kusikiliza kwa siri mazungumzo ya watu. Aghalabu namba ya siri haivunjwi: mwenyewe huitoa kwa kurubuniwa, au jirani huidukiza. Hivyo dalili zimo katika mazungumzo: nani aliambiwa nini, lini, na kwa lafudhi gani. Huo ni uwanja wa Bwana Msa, mpima kauli za watu.

Kwa hiyo, mwandishi anayefumbua kisa kwa istilahi za mitambo peke yake humdhulumu msomaji, kwani hakuna awezaye kukisia asichokielewa. Kompyuta na iwe chombo cha uhalifu; fumbo libaki kwa binadamu.